Barabara Hutengenezwa kwa Fedha ya Nani? Habari za Mwanza na Kando ya Ziwa

Somo letu la leo lahusu barabara. Kwa kuwa wengi wenu mnaotusikiliza mko kando ya Ziwa Viktoria, mifano yetu itatoka Mwanza na wilaya zilizo jirani: Magu, Kwimba, Misungwi, Sengerema, Geita, na ng'ambo kule Ukerewe. Wenye madaftari na wayaweke karibu, maana kutakuwa na miaka ya kuandika.

Mtu akitaja historia ya barabara, kwa kawaida twauliza ilijengwa lini, na nani aliyeijenga. Maswali hayo yana faida yake. Lakini leo nataka tuulize swali jingine: baada ya kujengwa, ilitunzwa kwa mali ya nani? Barabara ya udongo ikiachwa masika mawili bila mkono wa mtu hugeuka mfereji. Mitaro huziba, maji hupanda juu ya njia, magurudumu huchimba, na mwaka wa tatu dereva hutafuta njia mpya katika shamba la mtu. Kwa hiyo ukitaka kujua Serikali ya wakati fulani ilimjali nani, usitazame siku ya kufungua barabara. Tazama miaka mitano baadaye, ni nani aliyeshika jembe, na jembe lile lilinunuliwa kwa fedha ya nani.

Tuanze na udongo wenyewe. Mkulima wa Usukuma hana haja ya kufundishwa jambo hili. Huko juu karibu na majabali kuna mchanga wa luseni; ukishuka, udongo hubadilika hatua kwa hatua mpaka ufike bondeni, kwenye udongo mweusi wa mbuga. Udongo wa mbuga ukilowa huvimba na kunata. Kiangazi hukauka ukapasuka nyufa za kumeza mguu wa ng'ombe. Barabara ipitayo juu ya luseni yaweza kutunzwa kwa majembe na makarai. Ile inayokatisha mbuga yataka tuta, yataka changarawe iliyochukuliwa kwa lori kutoka mbali, yataka makalvati ya kupitishia maji. Kwenye ramani iliyotundikwa ofisini maili hizo mbili zina urefu mmoja. Katika gharama haziko sawa hata kidogo, na mipango mingi ya barabara za huku imepotea kwa sababu ya kusahau tofauti hiyo.

Tena kuna kalenda. Mvua zetu huanza Oktoba au Novemba na kwisha Mei. Pamba hupandwa mvua zikianza, huchumwa zikiisha, na masoko ya pamba hufunguliwa mara baada ya hapo. Maana yake, barabara huwa mbovu kabisa katika majuma yale yale ambayo lori la pamba linaihitaji. Muda wa kutengeneza ni mfupi sana. Shikeni jambo hilo, tutalirudia.

Zamani, kabla ya boma, njia zilikuwa za miguu. John Speke alifika Mwanza mwezi wa Agosti 1858 akitokea Kazeh, yaani Tabora, kwa njia ya namna hiyo, na misafara ya pembe na chumvi ilikuwa ikizipita njia hizo kabla yake. Njia ya miguu haihitaji fundi. Nyayo zenyewe huitunza. Lakini haikupitwa bure. Msafara uliokatisha nchi ya mtemi ulilipa hongo: vitambaa, shanga, au waya wa shaba. Neno hili leo lina maana ya rushwa, na mtu akilisikia hukunja uso. Siku zile lilikuwa ushuru wa kupita, uliolipwa mbele ya watu, na mtemi kwa upande wake alipaswa kuwalinda wapitao. Kwa kweli huo ndio ushuru wa kwanza wa barabara tunaoujua katika nchi yetu, na ulilipwa na mwenye kuitumia njia.

Wajerumani walijenga boma Mwanza mwaka 1892. Mwaka 1898 ikaanza kodi ya nyumba, rupia 3 kwa nyumba. Wengi hawakuwa na rupia, na asiyekuwa na rupia alilipa kwa mgongo wake. Barabara pana za kwanza za magari ya kukokotwa na za askari zilifyekwa kwa njia hiyo: boma lilimwagiza mtemi, mtemi akamwagiza mwanangwa wa kijiji, na mwanangwa akahesabu wanaume. Fedha ya barabara, katika vitabu vya boma, ilikuwa ndogo. Gharama yake halisi haikuandikwa popote, kwa sababu ilikuwa siku za watu waliotolewa mashambani mwao.

Msidhani jambo hili ni la Afrika peke yake. Mwaka 1555 Uingereza ilitunga sheria iliyomlazimisha kila mtu wa kijiji kufanya kazi ya barabara siku 4 kwa mwaka bila mshahara. Baadaye zikawa siku 6, na sheria hiyo haikufutwa mpaka mwaka 1835. Ufaransa nayo ilikuwa na kazi ya shokoa ya barabara, na chuki ya wakulima juu ya kazi hiyo ilikuwa miongoni mwa malalamiko yaliyoandikwa kabla ya Mapinduzi ya mwaka 1789. Lakini kuna tofauti moja. Mkulima wa Uingereza alitengeneza njia ya parokia yake mwenyewe, iliyompeleka kanisani na sokoni. Mkulima wa Usukuma alitengeneza njia aliyochaguliwa na boma.

Waingereza waliingia Mwanza mwezi wa Julai 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Walipokabidhiwa Tanganyika na Shirika la Mataifa, mkataba wao ulikataza kazi ya kulazimishwa, isipokuwa kwa kazi za umma zilizo za lazima, na hapo kwa malipo ya haki. Maneno mazuri. Lakini sheria ilimruhusu mtu aliyekosa kodi afanye kazi badala yake, na maelfu ya watu kila mwaka walilipa kodi hivyo, wengi wao barabarani na sululu mkononi, mnyapara akiwa nyuma yao.

Gavana Donald Cameron alifika mwaka 1925, na mwaka uliofuata ikatoka sheria ya Serikali za Wenyeji. Watemi wakapewa hazina zao, zilizojazwa kwa sehemu ya kodi. Barabara nazo zikagawanywa kwa madaraja. Barabara kuu zilikuwa za Idara ya Ujenzi, ambayo watu waliiita kwa herufi zake tatu, P.W.D. Zile za wilaya ziliangukia kwa Bwana D.C. na hazina ya wenyeji. Vijia vya vijijini havikuwa na fungu lolote. Hivyo vilikuwa kazi ya watu.

Mwaka 1930 ulifanyika Mkataba wa Geneva wa kukomesha kazi ya kulazimishwa. Mkataba huo uliacha mlango mmoja wazi: kazi ndogo ndogo za jamii, zinazofanywa na wanakijiji kwa faida ya kijiji chao, hazikuhesabiwa kuwa za kulazimishwa. Sasa jiulizeni, kijia cha kijiji hukoma wapi, na barabara ya wilaya huanzia wapi? Aliyejibu swali hilo hakuwa mwanakijiji.

Wasukuma walikuwa na desturi yao ya kazi. Vijana wa kijiji walikuwa na kiongozi wao, nsumba ntale, aliyewaita kulima shamba la mwenzao kwa zamu, kwa ngoma na chakula, na mwenye shamba alijua deni lake. Utawala uliipenda sana desturi hii, kwa kuwa ilionekana kama mashine iliyokwisha kuwashwa. Ikawa nsumba ntale anaambiwa awaite vijana wakafyeke njia ya lori. Lakini lori halina shamba la kulipa zamu. Mimi naona hapo ndipo neno "kujitolea" lilipoanza kupata ladha chungu kidogo, ambayo wazee wetu wengine hawakuisahau hata baada ya Uhuru.

Na njia hizo zilielekea wapi? Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, na meli za ziwani zikaanza kuchukua mazao ya Mwanza kupeleka Kisumu na kisha Mombasa. Mwaka 1928 reli yetu wenyewe ikafika Mwanza kutoka Tabora. Tangu hapo, chora mchangani barabara za nchi hii, utaona umbo lake: kutoka vijijini kwenda kwenye kinu cha kuchambulia pamba, kutoka kinuni kwenda stesheni au gatini. Barabara nzuri ya kwenda sambamba na reli haikutakiwa. Sababu yake si ngumu. Reli ilijengwa kwa mkopo, mkopo ulikuwa na riba, na riba ililipwa kwa nauli za mizigo. Lori lililochukua mzigo wa treni lilikuwa, machoni pa mwenye hazina, linaichukua fedha ya Serikali. Kwa hiyo barabara ilipangwa iwe mtumishi wa reli. Wakati wa mashaka ya biashara duniani, kuanzia mwaka 1929, hata mtumishi huyo alipunguziwa posho.

Baada ya Vita vya Pili mambo yalibadilika. Mwaka 1946 Serikali ilitoa mpango wa maendeleo wa miaka kumi, ukapitiwa upya mwaka 1950, na barabara zikapewa fungu kubwa. Lakini huku kwetu badiliko kubwa lilitoka kwenye pamba. Wakulima walianza kuunda vyama vyao, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana katika shirikisho lililoitwa Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya Bwana Paul Bomani. Kufika mwanzoni mwa miaka ya 1960 pamba yote ya jimbo ilikuwa ikipita mikononi mwa ushirika, na shirikisho lilikuwa na vinu vyake, kama kile cha Kasamwa huko Geita. Pamba ilitozwa ushuru, na ushuru huo uliingia katika hazina za wenyeji, ambazo zililipia zahanati, shule, na barabara za wilaya.

Tazameni lililotokea hapo. Fedha ya kuchonga barabara ilitoka katika gunia lile lile litakalobebwa juu yake. Mkulima aliyekatwa senti zake mizanini aliliona lori limekwama mbugani, akajua nani wa kumwuliza. Sisemi ulikuwa wakati wa neema. Katika mabaraza yale mkulima alikuwa na sauti ndogo, na mwaka 1958 watu wa Geita walikataa baraza la wilaya la mchanganyiko wa mataifa walilopangiwa, wakaandamana mpaka Mwanza, na polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi. Watu hao walielewa vizuri kwamba baraza ndilo litozalo na kutumia, na walitaka kujua ni la nani.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961, wito ulikuwa Uhuru na Kazi. Watu walijitolea kwa moyo, na safari hii bila mnyapara. Njia nyingi zilifyekwa kwa mikono katika miaka ile ya kwanza. Tena ikaonekana taabu ambayo wapangaji hawakuitazamia: kijiji chaweza kufyeka njia kwa siku chache za shangwe, lakini hakiwezi kufinyanga kalvati kwa shangwe. Kila barabara mpya ilileta ankara ya kila mwaka, na ankara hiyo haikuwa na fungu.

Mpango wa Kwanza wa Miaka Mitano, 1964 hadi 1969, ulitegemea zaidi ya robo tatu ya fedha za maendeleo za Serikali Kuu zitoke nchi za nje. Mwaka 1965 tulikorofishana na Ujerumani ya Magharibi kwa ajili ya mambo ya Zanzibar, na tukavunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia. Misaada na mikopo ikapungua. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitokana kwa sehemu na somo hilo. Pia uasi wa Rhodesia uliilazimisha nchi yetu kuisaidia Zambia, na barabara kuu ya kwenda Tunduma ikachukua nguvu nyingi za ujenzi. Nadhani nchi ilitenda haki. Lakini haki hiyo ilikuwa na gharama, na sehemu yake ililipwa na mikoa iliyongoja, wa kwetu ukiwa mmojawapo.

Sasa tumefika mahali ambapo naomba msikilize kwa makini. Mwaka 1969 Serikali ilifuta kodi ya kichwa ya mabaraza, pamoja na ushuru wa mazao. Hakuna aliyelia. Kodi hiyo ilikuwa na historia ya kamba na mateke. Mwaka 1972 mabaraza yenyewe ya wilaya yakavunjwa, madaraka yakapelekwa kwa wakurugenzi wa mikoa na wilaya waliotumwa na Serikali Kuu. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa. Kila tendo lilikuwa na sababu zake, na mengine yalikuwa na sababu nzuri. Lakini kwa miaka saba tu, kamba zote tatu zilizomfunga mkulima na greda la barabara yake zilikatwa: kodi yake, baraza lake, na chama chake. Kuanzia hapo changarawe ya Kwimba ilipaswa kuombwa Dar es Salaam.

Katika miaka hiyo hiyo Operesheni Vijiji iliwahamisha watu, na huku kwetu kazi kubwa ilifanyika mwaka 1974. Vijiji vingi vipya vilipangwa kando ya barabara ili huduma ziwafikie watu kwa urahisi. Watu walifuata barabara. Barabara haikuwafuata watu. Kisha bei ya mafuta ikapanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979, na vita vya Kagera vikala fedha na magari. Magreda yalikosa vipuri. Katika miaka ya 1980 pamba ililala katika maghala ya vijiji kwa kukosa usafiri, nyingine mpaka msimu uliofuata. Mkulima mwenye pamba ghalani isiyochukuliwa hana fedha ya karo wala ya sabuni, na mwaka unaofuata hupanda mtama. Watu husema pamba ilishuka kwa sababu ya bei. Bei ilikuwa na sehemu yake, lakini barabara nayo ilikuwa na sehemu yake.

Halmashauri zilirudi mwaka 1984. Mwaka 1985 ikatungwa sheria ya ushuru wa barabara, unaotozwa katika mafuta ya magari. Wazo hilo lilikuwa la zamani: jimbo la Oregon, Marekani, lilianza mwaka 1919. Uingereza nayo ilikuwa na mfuko wa barabara tangu mwaka 1909, na historia ya mfuko huo ina onyo ndani yake, kwa sababu mwaka 1926 Waziri wa Fedha, Winston Churchill, alitia mkono akachota kwa mahitaji mengine. Mfuko usio na kufuli ni mfuko wa kila mtu. Kwetu kufuli lilitiwa mwaka 1998, sheria iliporekebishwa ikaunda Mfuko wa Barabara wenye bodi yake, na kuagiza kwamba angalau asilimia 90 ya fedha itumike kwa matengenezo. Mwaka 2000 ikaanzishwa TANROADS kwa barabara kuu na za mikoa. Mwaka 2017 ikaanzishwa TARURA kwa barabara za wilaya, vijiji na miji. Mwaka 2021 ikaongezwa shilingi 100 katika kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara hizo za chini.

Yaani, baada ya miaka mia na zaidi, tumerudi kwenye hongo ya mtemi, kwa maana yake ya zamani: apitaye ndiye alipaye. Abiria wa daladala hapo Buzuruga hulipa bila kujua, ndani ya nauli yake. Mvuvi wa Ukerewe anayetia petroli katika injini ya mtumbwi hulipa pia, ingawa mtumbwi wake haujawahi kuharibu barabara ya mtu.

Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 juu ya Ghuba ya Mwanza. Ujenzi wake uligharimu zaidi ya shilingi bilioni 700, fedha ya Serikali yenyewe. Wenye kukumbuka foleni ya kivuko, na wagonjwa waliongoja pantoni usiku, hawahitaji kuelezwa faida yake. Lakini gari likishuka Busisi na kuacha lami kuelekea vijiji vya ndani, hukutana na mbuga ile ile niliyoitaja mwanzoni, na kalenda ile ile. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Zabuni hutangazwa, mikataba hutiwa sahihi, mkandarasi huleta mitambo. Na Oktoba mvua huwa imekwisha kunyesha. Changarawe iliyomwagwa Desemba juu ya udongo mweusi haifiki Machi. Hapa sheria haijakosa, wala mfuko haujakosa fedha yote. Kalenda ya hazina na kalenda ya mawingu hazijakutanishwa. Sijaona bado utepe ukikatwa kwa ajili ya mtaro uliozibuliwa mwezi wa Septemba, ingawa mtaro huo ndio ulioiokoa barabara.

Kazi ya makundi kwa juma hili ni hii. Kila kundi lichague barabara moja isiyo ya lami katika kata yenu. Mwenyekiti wa kundi amwendee diwani, na kwa ruhusa yake afike ofisi ya TARURA ya wilaya, aulize barabara hiyo ilitengewa shilingi ngapi mwaka huu, mkataba ulitiwa sahihi mwezi gani, na kazi ilianza mwezi gani. Wengine wawili wawaulize wazee ni nani aliyeifyeka mara ya kwanza, na kama walilipwa. Andikeni majibu yote katika ukurasa mmoja, tarehe zikifuatana, mtuletee kabla ya somo lijalo, ambalo litahusu meli na bandari za ziwa letu.